Paa Lako Limefungwa na Nini? Kuitayarisha Nyumba Kabla ya Upepo Mkali

Mwanzoni mwa Mei 2024, wakaazi wa pwani walijifunza jina jipya: Hidaya. Ni jina ambalo kwa Kiswahili chetu lina maana ya zawadi, lakini lililokuja nalo halikuwa zawadi. Kimbunga hicho kilitua katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na huko kusini mvua ikakata barabara ya kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam. Sisi wa Kilifi, tulio kama kilomita 500 kaskazini mwa Mafia, tulipewa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na wavuvi wakaombwa wabaki nchi kavu. Siku moja kabla ya kimbunga kutua, Rais alikuwa ametangaza kuahirishwa kwa ufunguzi wa shule nchi nzima, kwa sababu mafuriko ya masika yalikuwa tayari yameua zaidi ya watu 200 nchini.

Kisha jua likatoka, na wengi wakauliza: mbona tulitishwa? Kimbunga chenyewe kiko wapi?

Swali hilo linafaa kujibiwa vizuri, kwa sababu anayedhani alidanganywa mara ya kwanza hatatayarisha chochote mara ya pili.

Je, kimbunga kinaweza kufika kwetu?

Kimbunga cha baharini huhitaji mambo mawili makubwa. La kwanza ni maji ya bahari yenye joto la zaidi ya nyuzi 26. Hayo tunayo. La pili ni msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ambao huufanya upepo uzunguke kama maji yanavyozunguka kwenye tundu la karai. Msukumo huo ni mkubwa mbali na ikweta na hupungua kadiri unavyoikaribia, hata kufikia nyuzi 5 kutoka ikweta huwa umedhoofika mno. Mtwapa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na Malindi imezidi nyuzi 3 kidogo tu. Kwa hivyo tuko ndani ya ukanda ambamo vimbunga ni nadra sana kuzaliwa, na vile vinavyotoka kusini hupoteza nguvu vikituelekea.

Lakini si mbali nasi. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sultan Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, na kuzamisha meli zilizokuwa bandarini. Pemba iliponea, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2021 kilikuja Jobo, ambacho kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu. Utaona miezi ni ile ile, mwishoni mwa msimu wa vimbunga, wakati sisi tuko katikati ya masika na ardhi imeshalowa.

Basi jibu la haki ni kwamba kimbunga kamili kutua Kilifi si jambo rahisi kutokea. Ila mtu akisema haliwezi kutokea kamwe, hasemi kweli.

Isitoshe, kungoja kimbunga ndiko kunakotupoteza. Mapaa yanayong'olewa katika kaunti yetu hayang'olewi na kimbunga. Yanang'olewa na upepo wa dakika 15, alasiri moja ya kawaida mwanzoni mwa masika au vuli. Wingu zito la radi hujaa maji, kisha hewa baridi ndani yake huporomoka hadi chini na kutawanyika kwa kasi pande zote. Mkaazi wa Ganze au Kaloleni anaijua hali hiyo: joto kali tangu asubuhi, wingu jeusi linapanda, ghafla upepo wa baridi unafika kabla ya tone la kwanza la mvua. Ule ubaridi ndio onyo la mwisho. Na katikati ya mwaka kuna kusi, ambayo haina haraka lakini huvuma siku nyingi mfululizo, ikilegeza misumari na kufumua makuti kidogo kidogo mpaka siku ya dhoruba inakuta kazi imekwisha kufanywa.

Nyumba iliyotayarishwa kwa upepo huo wa alasiri itakuwa imetayarishwa pia kwa ukingo wa Hidaya mwingine.

Upepo haubomoi paa, huliinua

Watu wengi hudhani upepo husukuma nyumba hadi ikaanguka. Hutokea, lakini mara nyingi zaidi upepo hupanda juu ya paa na kulivuta kuelekea juu. Na nguvu yake haiongezeki kwa kadiri ya kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne.

Tufanye hesabu kidogo. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuvuta kila mita mraba ya paa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 48. Bati moja la mita 3 lina eneo la karibu mita mraba 2.4, kwa hivyo linavutwa juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Bati lenyewe, likiwa la geji 30, halifikishi hata kilo 8. Tofauti yote iliyobaki inabebwa na misumari. Ukipiga hesabu hiyo kwa paa zima la nyumba ya mita 6 kwa 8, unapata zaidi ya tani 2 zinazotaka kupaa. Kwenye pembe na kingo za paa mvuto huwa mkali zaidi ya hapo, ndiyo maana ukiangalia nyumba iliyoezuliwa utaona karibu kila mara uharibifu ulianzia pembeni.

Hesabu hiyo pia inajibu suala la mawe. Tunaona mapaa yaliyowekewa mawe, matofali na magurudumu ya gari ili yasiruke. Jiwe la kilo 10 haliwezi kulishinda bati linalovutwa kwa kilo 100. Bati litaondoka, na jiwe litaanguka ndani ya nyumba au kwa jirani. Yaondoe.

Uthabiti wa paa ni kama mnyororo. Bati limeshikwa na msumari, msumari umeshikwa na mbao ya juu, mbao hiyo imeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na ile mbao inayolala juu ya ukuta ambayo wazee waliiita mtambaapanya, nayo imeshikwa na ukuta au nguzo, na nguzo imeshikwa na ardhi. Upepo hutafuta kiungo kilicho dhaifu. Mwenye nyumba aliyenunua mabati ya bei ghali akayapigilia kwenye mbao zilizolazwa tu juu ya ukuta hajaongeza uthabiti wowote. Siku hiyo paa lake litaondoka lote kwa pamoja, likiwa zima.

Kukagua paa lako mwenyewe

Chagua asubuhi yenye jua na anza ndani, si juu. Funga milango na madirisha, simama gizani na utazame juu. Kila kitundu cha mwanga kilicho karibu na msumari ni mahali ambapo bati limekuwa likitikisika na kulipanua tundu. Halafu tazama mbao: palipo na madoa ya maji jaribu kuchoma kwa kisu. Kisu kikiingia bila kukazwa, mbao hiyo haishiki msumari tena, hata ikionekana nzima.

Sasa panda ngazi, ukiwa na mtu wa kuishika. Vichwa vya misumari vimeinuka? Misumari laini ya kawaida hutoka polepole kila bati linapotanuka kwa jua na kunywea usiku. Misumari ya mabati iliyosokotwa, yenye kofia pana na mpira chini yake, hushika vizuri zaidi, na kilo moja yake ni bei nafuu kuliko bati moja. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde ambamo maji hupita. Kwenye kingo zote za paa, yaani chini kwenye mchirizi, juu kwenye kofia ya paa na pande zote mbili za mwisho, piga kila mgongo wa pili. Katikati ya paa unaweza kuachia nafasi zaidi. Kama una pesa za kurekebisha sehemu moja tu mwaka huu, rekebisha kingo na pembe.

Kiungo kinachosahaulika zaidi ni kile cha kenchi na ukuta. Mafundi wengine hupiga msumari mmoja au miwili ya mshazari na kuondoka. Mwambie fundi afunge kila kenchi kwenye mtambaapanya kwa ukanda wa chuma au kwa waya nene uliopigwa raundi kadhaa na kukazwa kwa koleo. Kwenye nyumba ya matofali, waya au chuma hicho kiwe kimezikwa ndani ya mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, au angalau kishuke mistari kadhaa ya matofali. Ukichimbia kwenye tofali la juu peke yake, upepo utaondoka na paa pamoja na tofali.

Kwa anayejenga upya, umbo ni nusu ya kazi. Paa la mteremko wa pande nne hupita upepo vizuri kuliko la pande mbili, na paa lililosimama kiasi ni bora kuliko lililolala, ambalo huvutwa sana. Nyumba za nyasi za zamani za Wamijikenda hazikuwa na pembe za kushikwa na upepo, na wajenzi wake hawakuhitaji kuambiwa hesabu za hapo juu. Paa la baraza lijengwe mbali na paa kuu, likiwa na mbao zake, ili likiondoka liondoke peke yake.

Makuti yana tabia yake. Hayana uzito, na yakiruka hayamkati mtu kama bati. Lakini nguvu yake yote iko kwenye fundo. Kamba ikioza, makuti mapya juu ya kamba mbovu ni bure. Kabla ya masika kagua safu za chini na za kwenye kona, funga upya zilizolegea, na badilisha zilizokonda. Wengine hutandaza wavu mkuukuu wa kuvulia juu ya paa na kuufunga kwenye nguzo pande zote. Ni njia nzuri, mradi wavu ufungwe kwenye nguzo na si kwenye makuti yenyewe.

Kuta, nguzo na lile pembetatu la juu

Katika nyumba ya udongo, nguzo huoza pale inapoingia ardhini, kwa sababu hapo ndipo unyevu na mchwa hukutana. Fukua kidogo, sentimita 20 hivi, na uichome kwa kisu. Nguzo iliyoliwa inaweza kuongezewa mwenzake kando, ikachimbiwa na kufungwa nayo kwa waya. Kisha tazama pembe za nyumba. Kama hakuna mti uliopigwa mshazari kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nyingine, nyumba hiyo inaweza kulala upande mzima bila kuvunjika kitu. Miti minne ya mshazari, mmoja kila upande, huibadilisha kabisa. Ukitaka boriti za mikoko, nunua kwa muuzaji mwenye kibali. Mikoko iliyokatwa kiholela ufuoni ndiyo iliyokuwa ikipunguza mawimbi.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi hubishana, na wote wana haki. Ukuta wa udongo unataka paa lililotokeza nje sana ili mvua isiumomonyoe. Upepo nao unataka paa lisilotokeza zaidi ya nusu mita, kwa sababu sehemu iliyotokeza hushikwa kutoka chini kama ukingo wa mwavuli. Kwa maoni yetu, mwenye ukuta wa udongo asikate paa lake. Bora aweke nguzo za nje za kushikilia sehemu iliyotokeza, aifunge kwa waya, kisha apige lipu sehemu ya chini ya ukuta, mita moja hivi kutoka ardhini, ambako maji ya kurukia huchimba.

Katika nyumba ya matofali au mawe ya korali, cha kuogopwa ni ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kilele cha paa. Ni mrefu, mwembamba, na mara nyingi haujafungwa na kitu chochote. Paa likiondoka, hubaki umesimama peke yake na huangukia ndani. Kitanda cha watoto kisiwe chini yake. Kama nyumba haina mkanda wa zege juu ya kuta, fundi anaweza kuufunga ukuta huo kwa mbao zilizounganishwa na kenchi mbili au tatu zilizo karibu.

Milango na madirisha yafungwe yote upepo unapokuja. Bado tunasikia ushauri wa kuacha dirisha moja wazi ili nyumba ipumue. Usifanye hivyo. Upepo ukiingia ndani husukuma paa kutoka chini wakati ule mwingine unalivuta kutoka juu, na paa hukabiliana na nguvu mbili badala ya moja. Komeo imara ya mlango wa mbele ni sehemu ya paa lako.

Uwanja na miti

Upepo hutumia ulichouachia. Mabati yaliyobaki ya ujenzi, viti vya plastiki, ndoo, mbao, paneli ya sola iliyoegemezwa tu juu ya paa: vyote hugeuka kuwa silaha. Bati linaloruka hukata. Vifunge au viingize ndani. Tangi la maji la lita 1,000 likiwa tupu hubiringishwa kama mpira. Likijaa lina uzito wa tani moja na halitaenda popote. Kwa hiyo tahadhari ikitolewa, lijaze. Utahitaji pia maji hayo baadaye.

Mnazi wenye afya hupinda na kurudi, lakini mnazi mzee ulioinamia nyumba, au ulioliwa shina, si wa kungojewa. Angusha madafu, nazi na makuti makavu kabla ya masika. Mwembe mkubwa hauhitaji kukatwa wote. Punguza matawi yanayolala juu ya paa na uache upepo upite katikati. Tazama pia mizizi: mti uliochimbwa mtaro upande mmoja, au ambao ardhi yake imeanza kupasuka kuuzunguka, umeshaanza kuondoka. Tawi likiwa karibu na waya za stima, usiguse wala usimpe kijana panga akupunguzie. Piga simu Kenya Power, 97771.

Kuhusu maji ya mvua tutasema kwa ufupi, kwa sababu wengi mnayajua. Mtaro wa kuzunguka nyumba uwe na mahali pa kumwaga, si kwa jirani. Mdomo wa kisima uinuliwe na ufunikwe. Choo cha shimo kisiwe juu ya kisima kwenye mteremko. Lakini wakaazi wa kandokando ya Sabaki, hasa Magarini, wana jambo la ziada. Maji ya mto huo huanzia mbali sana, kwenye mto Athi huko Nairobi na nyanda za juu, hupitia Galana, ndipo yafike kwetu. Mto unaweza kufurika Magarini wakati kwako kuna jua kali na hakujanyesha kwa wiki nzima. Ukisikia Nairobi imefurika, hizo ni habari zako.

Maneno ya tahadhari

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutumia kipimo cha noti, na wasiokuwa mabaharia huliacha neno hilo lipite. Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa: hapo mwavuli haushikiki, na chombo kidogo hakifai kuwa baharini. Noti 40 ni kama kilomita 74 kwa saa: matawi huvunjika na mabati yaliyolegea huondoka. Katika sehemu yetu ya Bahari ya Hindi, dhoruba hupewa jina upepo wake ukifikia takriban kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ukifika 118. Jina likitajwa kwenye redio, basi, si lazima liwe kubwa, ila kipimo cha kuangaliwa kimefikiwa.

Tahadhari husema pia eneo na siku. Sikiliza yote mawili. Dhoruba ya baharini hutupa siku mbili au tatu za kujiandaa. Wingu la radi hutupa nusu saa, pengine chini ya hapo, ndiyo maana kazi ya paa haiwezi kungojea tahadhari. Unachoweza kufanya kwa siku mbili ni kufunga vitu vya uwanjani, kujaza tangi, kuchaji simu, na ukiona paa lina wasiwasi kulipitishia kamba imara juu kutoka upande hadi upande, zikafungwa kwenye vigingi vilivyochimbiwa vizuri.

Andaa mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji. Ndani weka kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba au barua ya umiliki, kadi za kliniki za watoto, na dawa za mgonjwa wa kisukari, presha au pumu za wiki moja. Ongeza tochi na pesa taslimu kidogo. Mtandao ukikatika, pesa zilizo kwenye simu haziwezi kununua mkate.

Halafu zungumzeni nyumbani kabla. Nani atamshika bibi? Nani atawaleta watoto? Tutaenda nyumba ya nani? Nyumba ya jirani yenye paa lililofungwa vizuri mara nyingi ni bora kuliko ukumbi mkubwa wenye paa pana na kuta ndefu. Tunajua wengi hukataa kuondoka kwa kuhofia wizi, na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Ni jambo la kupangwa mapema na mzee wa kijiji na majirani wa Nyumba Kumi, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya maisha yake na televisheni. Mwenye ulemavu, mjamzito na mzee anayeishi peke yake wahamishwe mapema, kukiwa bado mchana. Usiku wa upepo hakuna bodaboda.

Wavuvi, vuteni vyombo juu kuliko alama ya maji ya bamvua. Dhoruba ikikutana na bamvua, maji hufika mahali ambapo hayajaonekana kwa miaka. Injini na nyavu zitolewe chomboni.

Upepo ukiwa umefika

Kaa chumba cha ndani, mbali na madirisha na mbali na ukuta wa pembetatu. Meza nzito au kitanda kigumu ni kinga dhidi ya mbao zinazoanguka, jifunike godoro. Usitoke kukimbiza bati. Watu huumia kwa kutaka kushika paa kwa mikono, na tumeshaona hapo juu kwamba hata uzito wa mtu mzima hautoshi kwa bati moja.

Radi nayo ina kipimo chake. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, usiwe shambani, chini ya mwembe wala ndani ya maji. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji yanayokimbia barabarani yasivukwe. Yakifika juu kidogo ya kifundo cha mguu, kama sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 huweza kusukuma gari dogo. Kivuko unachokijua kinaweza kuwa kimechimbika chini bila wewe kuona.

Upepo ukipita

Chukulia kila waya ulioanguka kuwa una stima, hata kama mtaa mzima uko gizani. Kaa mbali, zuia watoto, na piga 97771. Vaa viatu vigumu kabla ya kuingia kwenye vifusi, kwa maana msumari wenye kutu huleta pepopunda. Aliyechomwa aende zahanati siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo. Maji ya kisima kilichofurika yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kabla ya kunywa, kwa kuwa baada ya mafuriko hufuata kipindupindu. Panapokuwa na majeruhi au mtu aliyefukiwa, piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199.

Kabla ya kuanza kukarabati, piga picha za uharibifu, nje na ndani, kisha mpe taarifa chifu au naibu wake na ofisi ya msimamizi wa wadi. Eleza idadi ya watu wa nyumba hiyo na kama mna pa kulala. Kushughulikia majanga ni jukumu la serikali ya kitaifa na la kaunti, lakini nyumba ambayo haikuandikishwa si rahisi kufikiriwa misaada inapogawanywa.

Na fundi akija, msimamie. Mabati yaliyookotwa yanaweza kurudishwa yakiwa hayajakunjika, lakini matundu ya zamani yazibwe, na msumari mpya upigwe kando, juu ya mbao nzima, usirudishwe katika tundu lile lile ambalo upepo ulikwisha kulipanua.